Umeisoma Kabla ya Kuikata?

Msikilizaji wangu, leo nina jambo la nguo, na nakuomba usiondoke hapo ulipo, hasa wewe ambaye nyumbani kwenu, uvunguni au juu ya kabati, kuna sanduku la bibi ambalo halijafunguliwa tangu matanga yaanuliwe.

Miaka kadhaa iliyopita nilirithi upande mmoja wa kanga ya bibi yangu mzaa mama. Mji wake ulikuwa wa manjano, ile ya embe lililoivia mtini, pindo lake jeusi lenye wekundu, na kwenye kila pembe nakshi ya korosho moja kubwa. Upande wa pili wa doti ile sikuuona kamwe; nadhani bibi aligawana na shoga yake, kama walivyozoea. Nilikuwa na harusi ya kwenda, nikataka gauni ambalo hakuna mwingine angelivaa ukumbini. Nikaipeleka kanga kwa fundi, nikamwonyesha kwenye simu mshono ninaoutaka, akanipima, akakata, na siku ya tatu nikalichukua gauni langu. Lilinikaa barabara.

Ukumbini, tukiwa kwenye foleni ya chakula, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. "Mwanangu," akasema, "haya maneno ndiyo uliyoyakusudia?"

"Maneno gani, mama?"

Akanisomea taratibu yaliyokuwa yamekaa nyuma yangu, chini kidogo ya kiuno: SAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Kanga ya bibi iliandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Herufi tatu za mwanzo zilikuwa zimekwenda na mkasi. Katika Kiswahili chetu ukanushi hukaa mlangoni mwa neno; ukiuondoa, neno zima linageuka. Sentensi iliyobaki ilichechemea kisarufi, lakini yule mama alielewa inasema nini, na kila aliyekuwa nyuma yangu jioni ile alielewa. Bibi alikuwa akikanya. Mimi nikawa natembea ukumbini nahimiza lile lile alilolikanya. Chakula hakikupita kooni. Fundi sikumlaumu, maana mimi niliyekaa na ile nguo wiki nzima sikuwa nimeisoma.

Tangu siku hiyo nimeshughulika na kanga nyingi za zamani, zangu na za ndugu na marafiki, nikiuliza mafundi, nikifumua, nikishona upya. Ndiyo maana nimekuja nayo mbele yako leo. Naona vijana wengi sasa wanazitafuta nguo hizi za zamani, wanaziopoa mitumbani na kwenye masanduku ya familia, na nafurahi sana kuona hivyo. Lakini naona pia mikasi inakwenda mbio kuliko macho.

Kanga haishoneki kama kitambaa cha jora. Kitambaa cha kupima kwa mita kina maua yanayojirudia tangu mwanzo hadi mwisho; ukikata hapa au pale, unachopoteza ni urefu tu. Kanga imekamilika kama ukurasa wa kitabu. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maandishi yanayokaa ndani ya kisanduku chake karibu na pindo refu la chini. Upande mmoja una kama sentimita 150 kwa 110. Pindo peke yake huweza kuchukua sentimita 15 hadi 20 kila upande, kwa hiyo mji unaobaki unaweza kuwa wa kama sentimita 110 kwa 70 tu. Ukiitandaza kitandani unaona nguo pana, unajiambia hapa natoa gauni la mikono mirefu. Fundi mzoefu anaona mstatili mdogo uliozungushiwa ukuta, na katikati ya ukuta kuna mtu anazungumza.

Upande mmoja unatoa blauzi, au sketi isiyo na marinda mengi, au shati la mtoto. Gauni la mtu mzima, lisipobanwa kama lile langu, linataka doti nzima, pande mbili. Na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu kanga za zamani mara nyingi zimebaki upande mmoja mmoja. Doti ilinunuliwa, upande mmoja ukaenda kwa dada, kwa wifi, kwa rafiki wa unyago. Mtu aliyekuwa na upande mwenza alikuwa mtu wa karibu. Ukikuta upande mmoja sandukuni, jua mwenzake ulikwenda kuishi nyumba nyingine.

Kuna wanaosema kwamba kuishona kanga ni kuikosea heshima, kwamba kanga ni ya kujifunga na kujitanda, haipitiwi na cherehani. Nawasikia, na kwa sehemu nawaunga mkono, nitakueleza wapi. Lakini kwanza tukumbuke ilikotoka. Wazee wa Zanzibar na Mombasa husimulia kwamba katika karne ya 19 wanawake walipenda vile vitambaa vya mraba vilivyoitwa leso, neno tulilolichukua kwa Wareno. Vilikuja vikiwa bado vimeungana kwenye jora. Badala ya kukatiwa kimoja kimoja, wanawake wakanunua sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu, wakaipanga mistari hiyo miwili juu na chini, wakaiunganisha kwa mshono, wakapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Ziliitwa leso za kushona. Ndugu zetu wa Mombasa mpaka leo hawasemi kanga, wanasema leso. Kwa masimulizi haya, nguo hii ilianzia kwenye sindano.

Kabla yake watu wa chini walivaa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Marekani, nyingi zikitoka Salem huko Massachusetts, na kaniki, ambayo ni merikani iliyotiwa nili ikawa nyeusi. Kaniki ilikuwa vazi la mtumwa na la kazi ngumu. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliziacha kaniki wakatafuta kanga zenye rangi. Naomba ulifikirie hilo kwa muda kidogo. Mtu aliyekuwa hana ruhusa ya kuchagua hata rangi ya nguo yake anasimama dukani Darajani, anachagua maua, anachagua na maneno.

Viwanda vilijua kwamba soko lipo. Kufikia miaka ya 1880, wapiga chapa wa Uholanzi, katika miji ya Leiden, Haarlem na Helmond, walikuwa wakitengeneza nguo nzima nzima kwa ajili ya pwani yetu, zisizohitaji tena kuunganishwa. Baadaye wakaingia Manchester, India na Japani. Waliokuwa katikati ni wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wa Zanzibar na Mombasa, waliokaa dukani wakisikiliza wanawake wanataka nini msimu huu, kisha wakaagiza ng'ambo. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza Mombasa mwaka 1887, na ile chapa yake ya "Mali ya Abdulla" ukingoni mwa leso inajulikana mpaka leo. Jina la kanga mwanzoni liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ndizo zilizokuwa zikisomwa pwani. Herufi za Kirumi zikachukua nafasi yake kidogo kidogo. Na kanga kama jina la nguo? Wengi wanakubali ni yule ndege, kwa sababu nakshi za mwanzo zilikuwa na madoa meupe juu ya weusi kama manyoya yake.

Kisha ukaja uhuru, na tukataka kuvaa pamba yetu. Kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma na Mutex, na Kenya ikawa na Rivatex kule Eldoret. Ukipata kanga ya Urafiki ya miaka ya 1970, ishike mkononi. Pamba yake ina uzito, imeshiba, na ukiikunja inabaki ilivyokunjwa. Mimi huwa naisikiliza: ukiipapasa inatoa sauti nzito, tofauti na zile nyepesi za siku hizi ambazo zinateleza bila kusema kitu.

Sasa, mbona za zamani ni chache? Zilipigwa chapa kwa wingi mno, na kila mwanamke wa pwani alikuwa nazo. Zimekwenda wapi?

Zimevaliwa. Kanga ina safari yake, na safari hiyo haipiti makumbusho. Ikiwa mpya ni ya mtoko, ya harusini na ya maulidi. Ikipauka kidogo inakuwa ya nyumbani. Baadaye inakuwa mbeleko, mtoto anabebwa humo mpaka anatembea. Halafu inalainika, inakatwa nepi. Halafu ni kata ya kichwani ya kubebea ndoo, na mwisho ni tambara la kuipulia sufuria jikoni. Bibi zetu hawakutupa kitu. Ndiyo maana kanga za karne ya 19 zilizo nzima utazikuta kwenye daftari za sampuli za viwanda vya Ulaya na kwenye makumbusho, zile ambazo hazikuwahi kugusa ngozi ya mtu. Zilizopendwa ziliisha. Iliyosalia sandukuni imesalia kwa sababu mtu aliamua, siku moja, kwamba hii sitaivaa tena. Pengine ni ya mkaja, aliyopewa siku ya kumwoza binti yake. Pengine ndiyo aliyojifunika siku alipofiwa. Kabla ya kuuliza nishone mshono gani, uliza kwanza ilikuwa ya nini. Kama kuna shangazi au mama mdogo aliye hai, mpigie simu usiku huu huu, mwamkie, mwonyeshe picha. Mimi nilichelewa kuuliza kuhusu ile ya bibi.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Kwanza isome yote, mbele na nyuma, pembe kwa pembe. Jina lisome kwa sauti. Tafuta maandishi madogo ukingoni, chapa ya duka au ya kiwanda. Chapa peke yake haitoshi kukwambia umri, kwa sababu baadhi ya chapa hizo zinaendelea kupigwa hata sasa. Maandishi ya Kiarabu ni dalili nzuri ya ukongwe. Piga picha nzima, kisha piga jina peke yake, kisha ile chapa. Andika ilikotoka na ya nani. Hata kama mkasi utapita baadaye, maneno yatakuwa yamebaki mahali.

Pili, jua imefumwa kwa nini. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uguse kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, harufu ni ya karatasi, na majivu yake ni laini, ya kijivu. Ukiona uzi unajikunja, unayeyuka na kuacha kijipunje kigumu cheusi, kuna poliesta ndani, na nguo hiyo huenda si ya zamani kama ulivyoambiwa sokoni.

Tatu, ipime nguvu. Hili watu wanaliruka, na ndilo linaloua nguo nyingi. Isimamishe dirishani, mwanga upite kutoka nyuma. Utaona kama kuna vitundu vidogo vidogo. Tazama hasa mistari ya mikunjo, kwa sababu nguo iliyokunjwa miaka 40 kwa mkunjo ule ule huvunjika hapo hapo. Kisha shika kwa vidole vya mikono miwili, vuta taratibu kufuata mtande, kisha kufuata mshindio. Isipolalamika, inashoneka. Ikitoa sauti kavu kama karatasi ya mfuko, iache. Katika nyingi nilizoshika, sehemu nyeusi ndiyo hulegea kwanza. Baadhi ya rangi nyeusi na za kahawia za zamani zilitengenezwa kwa chumvi za chuma, na chuma hicho hula pamba polepole hata nguo ikiwa imelala. Pindo likiwa limelika na mji bado mzima, hapo una mji wa kushonea.

Kuifua, usiifue kama nguo nyingine. Loanisha pamba nyeupe, ikandamize dakika moja juu ya kila rangi, uone kama inachuja. Nyekundu ndiyo hatari zaidi. Utaambiwa utie chumvi na siki ili rangi ishike. Rangi iliyokwisha kuanza kuachia haishikwi na chumvi wala siki, utapoteza viungo bure. Tumia beseni pana, maji baridi, sabuni laini kidogo tu. Usiisugue, usiikamue. Nguo kongwe ikilowa inakuwa nzito, na uzito wake wenyewe unaweza kuichana, kwa hiyo ilaze juu ya kipande cha chandarua safi, uinue chandarua badala ya kuinua nguo. Anika kivulini, imelazwa. Jiki isikaribie. Doa la kutu wengi hulitia ndimu na chumvi, nami nimewahi kufanya hivyo. Doa lilitoka, na baada ya muda mahali pale pakawa tundu. Siku hizi nalipangia doa mahali pa kufichwa na mshono, au naliacha lionekane. Na kama kanga haijawahi kuvaliwa, bado ina dondo lake la dukani, ifue kabla ya kukata, maana itasinyaa. Hata kama huishoni, ifue, kwa sababu mende hufuata dondo.

Fundi aliyenifundisha mengi kuliko wote yuko Ngamiani, Tanga, mzee ambaye cherehani yake ya miguu ni ya umri wangu. Ukimletea kanga ya zamani, hakuulizi mshono. Anakuuliza, "Umeisoma?" Ukimjibu ndiyo, anakwambia, "Nisomee." Ukishaisoma ndipo anaitandaza, anaizunguka, kisha anaweka karatasi.

Haanzi na mkasi. Anakata mshono wote kwenye karatasi ya gazeti, anapanga vipande vya gazeti juu ya kanga, anavihamisha. Anaanza na jina. Anaamua jina litakaa wapi mwilini, na kila kitu kingine kinalifuata. Mwanamke anapojifunga kanga, jina hukaa nyuma, likasomwa na anayekuja nyuma yake, na mzee anapenda libaki huko, kwenye upindo wa sketi au chini ya mgongo wa blauzi. Kifuani hapendi. Anasema maneno ya kanga hayakuandikwa ili mtu amtazame mwenzake kifuani akisoma. Nimeona wabunifu wazuri wakiliweka jina kifuani na likapendeza, lakini mimi niko na mzee kwenye hili.

Baada ya jina, pindo. Pindo refu la chini linakuwa upindo wa nguo, mapindo mafupi yanakuwa mikono au ukanda. Pembe zenye korosho hazikatwi katikati. Zinasogezwa mpaka ziangukie begani au mfukoni zikiwa nzima. Wakati mwingine hii ina maana blauzi inakuwa fupi kuliko ulivyotaka. Mzee atakwambia ukubali. Kitu kingine anachokataa ni kukata mshazari. Kitambaa kipya ukikikata mshazari kinaning'inia vizuri, kinafuata mwili. Kikongwe kinavutika kikarefuka upande mmoja, na nyuzi zake zilizochoka zinaanza kuachana.

Sindano anatumia namba 11 badala ya namba 14 au 16 aliyozoea kwa nguo za kila siku, na huiweka mpya kabisa, maana sindano butu hutoboa matundu kwenye pamba kongwe badala ya kupita kati ya nyuzi. Uzi ni wa pamba. Uzi wa poliesta una nguvu kuliko nguo yenyewe. Nguo ikivutwa, uzi hausalimu amri, nguo ndiyo inachanika kandokando ya mshono. Hatua ya cherehani anairefusha kidogo, maana matundu yakisongamana mshono unakuwa kama ule mstari wa kuchania stempu. Anapiga bandi kwanza, kazi yote, kwa mkono, halafu unaijaribu. Akiba ya mshono anaacha pana, vidole viwili. Zamani nilidhani anapoteza kitambaa. Sasa najua anamwachia fundi atakayekuja baada yake.

Na bitana. Kwa nguo iliyochoka, bitana ndiyo inayobeba mzigo. Anachukua bafta nyepesi, anaifua kwanza isije ikasinyaa baadaye, anaikata sawasawa na kanga, anaziunganisha mbili kwa bandi ziwe nguo moja. Ukivaa, bega linavuta bafta, kanga imepumzika juu yake. Gamu ya kubandika kwa pasi haigusi kabisa, kwa sababu ikishashika haitoki tena, na nguo haiwezi kufumuliwa ikarudi kuwa kanga. Pasi yenyewe hupigwa upande wa ndani, juu ya kitambaa kibichi.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema kanga haikatwi. Nimesema kwa sehemu nawaunga mkono. Kanga nzima, yenye nguvu, tayari ni vazi. Jifunge. Haimhitaji fundi ili iwe nguo. Yenye jina la herufi za Kiarabu, tafadhali, nakusihi, usiiguse na mkasi. Zilizosalia ni chache na wanaoweza kuzisoma wanapungua. Ile iliyotolewa kwa tukio, kanga ya uhuru, kanga ya mkutano wa chama, yenye mwaka juu yake, ihifadhi. Iviringishe kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa kwa bafta, usiikunje. Ukiwa na doti kamili, shona upande mmoja, uache mwingine.

Mkasi nauona mahali pake kwenye ile iliyojeruhiwa. Ile yenye tundu la cheche la pasi ya mkaa. Ile ambayo nusu yake ilikatwa nepi mwaka 1983. Ile ambayo pindo limelika. Hiyo ingeishia kwenye kuipulia sufuria. Ukiitoa blauzi ya mtoto, au mfuko wa koti, au ukitoa mji wake ukaushona mgongoni mwa shati la kitambaa kipya, umeiondoa kwenye njia ya jikoni, umeirudisha mitaani. Christine Mhando, Mtanzania aliyeanzisha Chichia huko London, ameonyesha kwa miaka kwamba kanga inaweza kuwa gauni bila kuacha kuwa kanga. Sioni sababu fundi wa Ngamiani au wa Magomeni au wa Likoni asifanye hivyo kwa kipande kilichochoka.

Kama huna sanduku la bibi, wala usihangaike. Nenda kanunue kisutu. Ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bi harusi, nakshi yake imekuwa ikipigwa chapa kwa zaidi ya miaka 100, na bado iko dukani. Ni nakshi ya kale ambayo haijawahi kuondoka. Jifunzie kukata kwa hiyo, kwa sababu kisutu kipya ukikiharibu, kesho unapata kingine.

Na lile gauni langu la manjano. Nililiweka kabatini miaka minne bila kulivaa. Lakini fundi wa kwanza alikuwa amenirudishia mabaki kwenye mfuko wa plastiki, kama mafundi wengi wafanyavyo, na mfuko huo sikuwahi kuutupa. Siku niliyoupeleka Ngamiani, yule mzee aliumwaga wote mezani, akapangua vipande kimoja kimoja kwa ncha ya mkasi. Kilikuwa humo. Kipande kirefu chembamba, upana wa vidole vitatu, kina pindo jeusi chini, na juu yake herufi tatu: USI.

Akafumua mshono wa ubavu wa kushoto kuanzia kwapani hadi chini. Kipande hakikutosha urefu wote, kwa hiyo akakiongezea juu kwa kitambaa cha manjano kutoka mabaki yale yale, akakikalisha, akapiga bandi, akaniita nivae. Gauni likawa limenipa nafasi kidogo kiunoni, nami nilikuwa nimeihitaji. Akanigeuza, akasoma kimya kimya kwa midomo, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kwenye cherehani.

Nimelivaa jioni hii hapa studioni. Ukisimama mbali nyuma yangu unasoma neno zima. Ukisogea karibu unaona mstari wa uzi wa manjano umepita kati ya I na S.